Betri Haikuisha kwa Uzembe Wako

Kyebando, Jumamosi jioni

Aber, mwanangu,

Mambo ya safari bibi yako ameyamaliza. Amekwambia sabuni ikae wapi, ukae karibu na nani ndani ya basi, na umpigie shangazi yako magoti hata kama atakupokea mahali penye tope. Sina la kuongeza hapo. Mimi ninaandika yale ambayo hakuna mtu wa nyumba hii atakayekwambia kesho. Ninaandika kwa sababu mdomo wangu unaujua. Mwalimu akitaja jina langu darasani, mimi huinama kutafuta kalamu ambayo haikuanguka.

Ninakuita mwanangu na najua wenzako hucheka, maana nimekuzidi miaka sita tu na bado navaa sare ya shule. Lakini si mzaha. Siku tuliyomzika mama yako, dada yangu, nilikuwa na miaka tisa na wewe ulikuwa na mitatu. Mama mmoja wa ukoo alikubeba akakuweka mapajani pangu, akawaambia waliokuwepo kwamba mama mdogo ni mama, kwa hiyo hapa hakuna yatima. Nilikaa hivyo mchana kutwa, mguu wangu mmoja umekufa ganzi, nikiogopa kusogea usije ukaamka. Watu wakanisifu. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba mtu mwema ni yule asiyesogea na asiyesema. Imenichukua miaka tisa kujua kwamba si kweli, na gharama umelipa wewe.

Nianze na babu yako, baba yangu, kwa sababu wewe ulimkuta amestaafu na hukumwona kazini. Alikuwa polisi, lakini si wa kukamata watu. Alikaa katika chumba cha redio. Ndiyo maana nyumbani kwetu tunasema Kiswahili, hiki cha kambini, wakati jirani zetu wote wanasema Kiganda. Kila saa ilipofika aliviita vituo kimoja kimoja, akaandika kila kimoja kimejibu nini. Nilipokuwa mdogo alinieleza kwamba kituo kisipojibu huandiki salama. Huandiki kitu. Unamwamsha askari na baiskeli, anakwenda kuangalia. Kimya si jibu, alikuwa akisema, na mimi nilidhani ni maneno ya mzee anayekumbuka ujana wake.

Unakumbuka alivyoanguka mara ya kwanza, mwaka juzi, presha ilipompanda akiwa bafuni. Alipona, akabaki na fimbo na mguu wa kuburuta. Bibi yako hakuweza kuacha meza yake ya simsim na samaki wakavu pale Kalerwe, mimi na wewe tuna shule, na mzee akawa anashinda peke yake. Mimi nilikuwa nimesoma kitabu kimoja kuhusu vitu vya kawaida vinavyoweza kuzungumza bila waya: taa, kufuli, friji, tangi la maji. Nilikisoma mara tatu. Nikaona nitamtengenezea babu yako kitufe cha kuvaa shingoni.

Jumamosi nyingi ulizonililia nikupeleke kwa yule msichana wa kusuka nywele, mimi nilikuwa Katwe, kwa Fundi Kato. Karakana yake ni ndogo kuliko jiko letu, kushoto wanachomelea mageti na kulia wanagonga sufuria, na katikati ya kelele hizo yeye anaunganisha vitu vidogo kuliko kucha. Ametengeneza mashine ya kuangulia vifaranga ambayo hutuma joto lake kwenye simu ya mwenye mayai. Ametengeneza tangi linaloandika ujumbe maji yakipungua. Alinifundisha bila kunicheka, ingawa alizoea kuniita Profesa kwa sababu nilikuja na daftari na kuandika hata aliposema hebu nipishe. Tulikitia kitufe ndani ya kopo la mafuta ya mgando, pamoja na betri ndogo na kile kijibao cha waifai. Babu yako akibonyeza, kopo lingeita rauta yetu, na rauta ingetuma ujumbe kwenye simu ya bibi yako sokoni na kupiga kengele niliyoitundika katika chumba cha Mama Zaituni, jirani yetu mshonaji, ambaye hushinda nyumbani. Kulikuwa na taa moja ya kijani kuonyesha kwamba betri imejaa.

Siku niliyokwenda kuchukua kitu changu, Fundi Kato alikigeuza mkononi, akauliza, "Na mtandao ukipotea, hii kitu itasema nini?"

Nikamjibu kwamba mtandao wetu haupotei, rauta ipo chumba cha pili.

"Nyabo," akasema, kama anayemheshimu mama mzima, "sijauliza kama unapotea. Nimeuliza itasema nini."

Alitaka niongeze taa ya pili, nyekundu, iwake kila kitufe kinapoita na kisijibiwe. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Nilimwambia nitaiongeza likizo. Ukweli ni kwamba nilikuwa na haraka ya kufika nyumbani nisifiwe.

Na nilisifiwa. Mjomba wako Ojok, kaka yangu, alikuja Jumapili akakipiga picha akawatumia walinzi anaowasimamia kazini. Bibi yako alikionyesha wanawake wote wa Kalerwe kwa maneno, kwa kuwa chenyewe kilikuwa shingoni mwa mzee. Mimi nilikaa pembeni na kitabu nikijifanya sisikii. Wewe ulipewa kazi ya kukichaji kila jioni na kumvisha babu kila asubuhi. Ulimpelekea kitufe kwa mikono miwili na kumwambia, "Afande, silaha yako," na yeye alisimama wima kadiri mguu wake ulivyomruhusu, akainamisha shingo. Hukuwahi kusahau. Nataka usome sentensi hiyo tena. Hukuwahi kusahau, hata siku ulipokuwa na malaria.

Sasa nifike kwangu.

Kila asubuhi tukishaondoka, babu yako alikuwa anakibonyeza kitufe. Hakuwa ameanguka. Alikuwa anaita kituo. Kengele ililia kwa Mama Zaituni, naye alitokea barazani na kumuuliza, "Mzee, uko?" Mzee alijibu kwamba yuko, na kazi ya siku ikaanza. Mama Zaituni aliona ni salamu nzuri kuliko ya dini. Lakini bibi yako naye alipata ujumbe sokoni na moyo ukamruka kila siku, na mimi niliona betri inatumika bure. Nikamkataza babu yako. Nilimwambia kile si kitu cha kuchezea. Nilimwambia hivyo mtu ambaye kwa nusu ya maisha yake kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mstari uko hai kabla ya kuuhitaji. Hakubishana. Alisema, "Sawa, Profesa," kwa jina alilolisikia kwangu, na kuanzia siku ile hakukibonyeza tena.

Ulikuwa unawapenda wale vijana wa bodaboda waliokuwa wakikaa chini ya dirisha lake. Mimi sikuwapenda. Walikaa pale kwa sababu waifai yetu ilishika vizuri kwenye ukuta ule, na neno la siri walilipata kwa babu yako mwenyewe, ambaye aliwatajia dirishani herufi moja moja kwa sauti ya redio mpaka mtaa mzima ukalijua. Kutwa nzima walikuwa wakitazama mpira kwenye simu na kutaniana naye. Mmoja aliuliza, "Afande, leo hutukamati?" Naye alijibu kwamba atawafunga wote bila maandishi, aanze na huyo mwenye helmeti ya kuazima. Kicheko kilinifikia mezani siku za likizo nikisoma, na bando liliisha kabla ya mwezi. Masomo yangu ya video yalikatika katikati. Niko kidato cha sita, mtihani ni mwezi wa kumi na moja, na kila mtu katika nyumba hii alikuwa ameniambia kwamba mtihani huu ni wetu sote. Nikaanza kuuona mtandao kama chakula changu na wale vijana kama panya.

Jumatatu jioni nilibadili neno la siri. Sikumwuliza mtu. Nililiandika jipya kwenye simu ya bibi yako na ya kwangu hii ninayoiacha nyumbani. Asubuhi vijana walijaribu, wakapiga kelele kidogo dirishani, babu yako akawaambia hata yeye hana amri mpya. Kufikia mchana walikuwa wamehamia kwenye duka la juu, lenye waifai yake.

Kitufe na kengele havikujua neno jipya. Huwezi kuliandika kwa vidole kama kwenye simu. Ni lazima ufungue kopo, uunganishe kijibao na kompyuta kwa waya, uliandike neno ndani yake, kisha ufanye vile vile kwa kengele. Watu wengi wangekwambia nilisahau. Mimi pia nilijiambia hivyo kwa siku kadhaa, kwa kuwa kusahau ni kosa la kila mtu. Lakini sikusahau, Aber. Nilikumbuka Jumatano, saa ya kemia, kalamu ikiwa hewani. Niliona kila kitu wazi: kopo lile shingoni mwake, linaita, na rauta inalikataa kama mgeni. Nikajiambia nitafanya Jumamosi, kwa sababu Ijumaa nilikuwa na jaribio. Kisha nikaendelea kuandika.

Alhamisi alianguka.

Asubuhi ile ulimvisha kitufe na taa ilikuwa ya kijani. Ulikuwa sahihi. Taa ile ilikuwa inasema tu kwamba betri imejaa. Haikuwahi kusema kwamba kuna mtu anasikia, kwa sababu mimi sikuifundisha kusema hivyo, na wewe sikukueleza tofauti. Ilikuwa karibu saa nne. Tunajua kwa sababu uji wake wa saa nne ulikuwa umenywewa nusu. Ulimkuta saa kumi na nusu ulipotoka shuleni, sakafuni kati ya kitanda na dirisha, macho wazi, kidole gumba kikiwa juu ya kitufe. Kidole kile kilikuwa kimechubuka. Alikuwa ameita kutwa nzima. Mama Zaituni alikuwa barazani kwake na cherehani, hatua ishirini, anaimba.

Na dirisha lilikuwa wazi. Hili ndilo ninalolipata kila ninapofungua kitabu. Wiki moja kabla yake wangekuwa wamekaa chini ya dirisha lile vijana watano, na mmoja wao angeinuka kumwuliza afande mbona leo kimya. Bodaboda tano, zikiwa tayari. Niliwafukuza kwa herufi nane.

Daktari alisema maneno ambayo nadhani wanayasema kwa wote, kwamba mngemleta mapema. Hakutuangalia usoni. Mkono wa kulia umekwenda, mguu umekwenda, na maneno yote yamekwenda isipokuwa moja.

Unajua kilichofuata, lakini ulikijua ukiwa umesimama katikati ya chumba, na mimi nilikuwa ukutani, na kutoka ukutani mambo huonekana tofauti. Mjomba wako alifika jioni ile ile na sare yake ya kazi. Hakuwa mkali mwanzoni. Alikuwa na hofu, na mtu wa ulinzi akiwa na hofu hutafuta nani alikuwa zamu. Alichukua kitufe, akakibonyeza, akakigeuza. Hakikuwa na taa.

"Nani anachaji hii kitu?"

Ulisema ni wewe. Ulisema asubuhi kilikuwa na taa ya kijani.

"Sasa mbona kimekufa? Kimekufa chenyewe?"

Ukasema hujui, ulikichaji, kilikuwa cha kijani. Akasema mtu anaweza kusahau, hilo atalielewa, lakini uongo mbele ya mgonjwa hatauelewa. Bibi yako alianza kulia. Wewe ukanitazama. Hukuniomba kitu, ulinitazama tu, jinsi unavyonitazama ukitaka nikumalizie hesabu.

Mimi nilijua kwa nini betri ilikuwa imeisha. Nilikuwa mtu pekee Kampala nzima aliyejua. Kifaa cha namna ile kikikosa mtandao wake hakilali. Kinatafuta, kinakataliwa, kinapumzika kidogo, kinatafuta tena, na kila kutafuta kunakula betri kuliko kazi yenyewe. Kilikuwa kinahangaika tangu Jumatatu, na ukikijaza kila jioni kinapata nguvu za kuhangaika siku nyingine. Na Alhamisi babu yako alikibonyeza kwa saa sita na nusu. Betri haikuisha kwa sababu hukuichaji. Iliisha kwa sababu uliichaji vizuri na yote ikatumika kubisha hodi kwenye mlango nilioufunga.

Ningeweza kusema hayo kwa pumzi moja. Niliangalia sakafu. Niliwaza kwamba nitaeleza baadaye, kukitulia. Nilikaa kama nilivyokaa siku ya mazishi ya mama yako, bila kusogea, na mtu mmoja hata akasema mwacheni Atim, huyu amechanganyikiwa, hiki kitu alikitengeneza kwa mikono yake.

Kutoka hapo wewe ukawa mtoto aliyesahau na akadanganya. Umeacha kumpelekea babu yako maji kwa sababu unadhani akikuona anageuza uso kwa hasira. Hageuzi kwa hasira. Anaona aibu kwamba ulimkuta vile, nguo zake zikiwa katika hali ile. Nilipaswa kukwambia hata hilo.

Nilimwambia bibi yako. Ilikuwa Jumapili iliyopita, akipepeta simsim uani. Nilimwambia yote, kuanzia neno la siri mpaka kemia. Hakuacha kupepeta. Alipomaliza ungo ule aliniuliza mtihani wangu unaanza lini, ingawa tarehe imebandikwa kwenye mlango wa kabati lake. Nikamjibu.

"Basi nyamaza," akasema. "Wewe ukivunjika sasa, tumebaki na nini? Aber ni mtoto. Atasahau."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi sijasahau uzito wako mapajani pangu nikiwa na miaka tisa. Sikumwambia. Nilimshukuru, Aber. Niliingia ndani nikasoma sura nzima na nikaielewa vizuri, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Usimchukie bibi yako. Ana mgonjwa wa kugeuza kila saa na meza ya kuuzia, hawezi na mtoto juu yake, na alipaswa kuchagua nani abaki. Lakini usikubali mtu akwambie kwamba unakwenda Gulu kwa sababu shule ya huko ni nzuri. Unakwenda kwa sababu ya kilichotokea, na kilichotokea nilikifanya mimi.

Nilimwambia babu yako pia. Nilipiga magoti karibu na kitanda nikamweleza kwa utaratibu, kama ripoti. Alisikiliza. Kisha akasema lile neno lake moja lililobaki, "Sawa." Ungedhani ni msamaha. Lakini akitaka maji anasema sawa, akiumwa anasema sawa, na jana nilipommwagia chai ya moto mkononi kwa bahati mbaya alisema sawa huku machozi yakimtoka. Kwa hiyo sijui aliniambia nini, na sitajua. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya shuka. Kidole gumba kilikuwa kinabonyeza kitambaa, kinaacha, kinabonyeza.

Na jana nilimpigia mjomba wako. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi ili sauti isinikimbie. Hakunigombeza. Aliniambia nimeshamwambia yeye na inatosha, mambo yameisha, nisilete vita ndani ya nyumba yenye mgonjwa. Nikamuuliza kuhusu wewe. Akasema shangazi yako, dada wa baba yako, ameshaambiwa anapokea mtoto wa namna gani.

"Sasa nimpigie nimwambie nini? Kwamba mimi ndiye mwongo?"

Sikujua mpaka jana kwamba jina lako limetangulia kufika Gulu. Shangazi yako ni mtu wa haki, nimemwona mara mbili, lakini mtu wa haki akiambiwa kwamba mtoto ni mwongo atahesabu vijiko kila jioni. Glasi ikivunjika ukasema ni paka, hata akiwa ni paka kweli, utakuwa ni wewe. Nimefikiri juu ya hilo usiku na mchana, mimi ambaye ninajua ilivyo kuwa msichana wa kusifiwa popote pale bila kuulizwa swali.

Watu watakwambia uwe mpole kama Atim. Huko nyuma ningefurahi. Upole wangu mwingi ni woga uliofuliwa na kupigwa pasi. Wewe una kitu kingine: uliulizwa mara mbili na mtu mwenye sare, na mara mbili ulisema taa ilikuwa ya kijani, na hukubadili hata neno ili upate kulala. Sijui ulikitoa wapi. Si kwangu. Usikubali Gulu ikutoe kitu hicho kwa kukuchosha.

Na ukikuta kitu chochote kinachokuambia kila kitu ni salama, kiwe taa au mtu, uliza mara ya mwisho kilijibiwa lini. Mimi sina busara nyingine. Hii yenyewe ilikuwa ya babu yako, alinipa bure.

Sitakuomba msamaha. Nikikuomba utanipa, nakujua, utanipa upesi na kunifuta uso kwa kiganja chako, halafu mimi nitalala na wewe utapanda basi. Acha deni hili likae kwangu.

Pamoja na barua hii kuna nyingine, ya shangazi yako. Nimemwandikia kila kitu: neno la siri, taa niliyoiacha, Jumatano saa ya kemia, na jinsi nilivyoangalia sakafu. Nimewataja bibi yako na mjomba wako kwa waliyosema, na najua nitayalipa. Sikuifunga kwa gundi. Mjomba akiiona ndani ya mfuko wako, mwambie ni karatasi za shule. Hapana. Usidanganye kwa ajili yangu. Mwambie ni barua ya Atim na aje aniulize mimi, nitakuwa nimesimama hapo hapo mlangoni.

Isome kabla hujampa. Soma polepole, kwa sababu mimi ni hodari wa kuandika, na mtu hodari wa kuandika anaweza kujipunguzia kosa bila kujijua. Ukiona mahali nimejipunguzia, ongeza kwa mkono wako. Nimeacha mistari mitupu mwishoni, na chini ya mistari hiyo nimekwisha kuweka sahihi yangu.

Mama yako mdogo,
Atim